Conques: kanisa la abasia au njia ya mahujaji?

Mgeni mwenye siku moja tu katika kijiji cha Conques, kusini mwa Ufaransa, hana budi kuchagua. Kanisa la Sainte-Foy, lililokuwa la abasia (makao ya watawa), ndilo lenye utajiri zaidi: juu ya lango lake la magharibi imechongwa Hukumu ya Mwisho, kazi ya karne ya 12 ambayo, kwa maoni yangu, waliolaaniwa wake huvutia macho kuliko waliookoka, na ndani mwanga hupenya kupitia vioo visivyo na rangi vya mchoraji Mfaransa Pierre Soulages, vilivyozinduliwa mwaka 1994. Njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, ambayo ni njia ya miguu iitwayo GR 65, yenye alama nyeupe na nyekundu, huteremka hadi daraja la kale la mto Dourdou, kisha hupanda mwinuko mkali hadi kikanisa kinachotazamana na kijiji. Mwenye magoti mabovu abaki kanisani. Mwenye nguvu atangulize mwinuko, kabla jua halijawa kali.