Bwawa la karatasi kwenye mchanga wa Mkuranga: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu

Leo asubuhi maji yapo sentimita 74 kwenye mti nilioupigia alama katikati ya bwawa, na vuli bado haijaanza. Bwawa langu la kwanza, lile nililochimbisha hatua chache tu kutoka hapa, lilijaa masika na kufikia Juni ya mwaka uleule lilikuwa shimo kavu lenye magugu. Kilicholeta tofauti ni karatasi nyeusi ya plastiki, ile ambayo wauzaji wanaiita dam laina, pamoja na siku nne za kazi ya mikono kabla haijatandazwa. Nilipokuwa naitafuta, kila niliyemuuliza alinitajia bei na akaishia hapo. Haya hapa ni mengine niliyoyajua kwa gharama.

Shamba lina ekari tatu: mikorosho ya zamani, minazi michache, nanasi. Udongo wa huku kwetu ni mchanga. Mvua ikinyesha saa nzima, ukitoka nje baada ya muda mfupi hukuti hata tope. Fundi wa kijiko aliyechimba lile la kwanza aliniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, udongo utajifunga wenyewe." Nikamwamini. Maji yalipofika kifuani nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu. Mvua zilipokatika yakaanza kushuka kiganja kizima kila baada ya siku mbili, na mimi nasimama ukingoni sina la kufanya.

Kumbe kulikuwa na kipimo ambacho kingeniokoa, tena cha bure. Unachota udongo wa pale unapotaka kuchimba, kutoka kina cha bwawa lenyewe na siyo wa juu, unautia nusu chupa, unajaza maji, unatikisa sana na kuuacha hadi kesho yake. Mchanga unatangulia chini, mfinyanzi unakaa juu kabisa. Chupa yangu ilikuwa mchanga karibu yote, na juu utando mwembamba wa mfinyanzi usiozidi unene wa ukucha. Kama yako ina tabaka nene la mfinyanzi, huenda huhitaji karatasi kabisa; shindilia vizuri na pesa yako ifanye kazi nyingine.

Sasa karatasi yenyewe. Nilichukua ya HDPE, aina ya plastiki ngumu, yenye unene wa milimita 0.75. Muuzaji alinisukumia ya 0.5 akisema inatosha kwa bwawa dogo. Nilikataa kwa sababu moja: ndago, lile gugu la shambani. Aliyelima huku anaijua ndago, inavyochoma kwenda juu na ncha yake kama sindano. Hata ya 0.75 haitoi uhakika, lakini inakupa nafasi nzuri zaidi. Rangi nyeusi nayo ina kazi. Ni kaboni iliyochanganywa ndani ya plastiki ili jua lisiile haraka. Turubai la kawaida la bluu jirani yangu alilijaribu kwenye kisima chake cha bata, na msimu wa pili lilikuwa linakatika mkononi.

Kuhusu vipimo, msikubali kupimiwa dukani kwa kuambiwa kina tu. Bwawa langu juu lina mita 20 kwa 12, kina mita 1.6, na kingo zimelala, hazikusimama kama ukuta. Muuzaji alipiga hesabu kana kwamba kingo zimesimama wima, akafika mita 25 kwa 17. Nikarudi shambani, nikachukua kamba, nikailaza kutoka ukingo mmoja, ikashuka hadi chini, ikapita sakafuni na kupanda upande wa pili. Nikapata mita 21, na kwa upana mita 13. Nikaongeza mita moja kila upande ya kuzika kwenye mtaro. Mita 23 kwa 15 ilitosha kabisa, na kile kipande ambacho ningekilipia bure kilikuwa zaidi ya mita 70 za mraba. Shilingi sizitaji kwa sababu bei hizi hazitulii, ila karatasi peke yake ilikula zaidi ya nusu ya bajeti yote, kijiko kikiwemo. Ndiyo maana nasema pimeni kwa kamba.

Kijiko kilimaliza kuchimba kwa siku moja. Halafu ndipo kazi ilipoanza. Niliweka vibarua watatu kwa siku nne: kung'oa mizizi ya mikorosho na kukata kila kisiki chini kabisa ya usawa wa udongo, kuokota mawe na vigae, kuchimbua ndago na vile vitunguu vyake vya chini, kisha kushindilia sakafu na kingo. Mwisho tulichekecha mchanga tukautandaza wa unene wa vidole vitatu. Siku ya nne nilivua viatu, nikatembea bwawa zima pekupeku, taratibu. Palipochoma mguu wangu tulirudia. Kijana mmoja akasema, "Mama, mbona unapangusa shimo kama sebule?" Nikamwambia kitakachonichoma mimi leo kitaichoma karatasi kesho, ikiwa na tani mia mbili za maji juu yake.

Ukingo ulisawazishwa kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanautumia. Usiupuuze. Upande mmoja ukiwa chini hata kwa kiganja, maji yatatokea hapo siku zote na kula ukingo wako.

Waliokuja kutandaza walikuwa vijana wanne na mashine ya kuunganisha kwa moto. Ufundi wao ulikuwa mzuri, nawasifu kwa hilo. Maungio yalipigwa mistari miwili sambamba na kuacha mfereji mwembamba katikati. Mfereji ule kazi yake ni kupimia: unaziba ncha zote mbili, unajaza hewa kwa pampu yenye geji, ukiona mshale unashuka ujue kuna pengo. Walitaka kufunga vifaa waondoke bila kupima. Nilisimama pale mpaka wakapima, na ungio la pili lilivuja kweli. Wakarudia bila kugomba. Ukiwaita watu wa kazi hii, malizaneni malipo baada ya kipimo hicho.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni joto. Plastiki hii inatanuka sana juani na kunywea usiku. Saa saba mchana ilikuwa imejaa mikunjo kama kanga isiyopigwa pasi, alfajiri imenyooka. Ukiizika kingo zake mchana ikiwa umeivuta ikakaza, usiku itajivuta yenyewe na kuchomoka, au itabaki imekazana hewani bila kulala juu ya udongo. Tuliiacha ilegee, tukatia maji kidogo chini ili uzito uilaze mahali pake, na mtaro wa kina cha sentimita 40 tukaufukia asubuhi ya siku iliyofuata kabla jua halijapanda.

Maji ni ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba yangu ni kama mita 120 za mraba na nimelifunga gata zinazoleta maji bwawani. Mvua ya milimita 20 inanipa zaidi ya lita 7,000 kwa paa na bwawa lenyewe pamoja. Likijaa, na kubakiza ukingo wa sentimita 30, linashika kama lita laki mbili.

Kiangazi cha kwanza nilipata hofu kubwa. Maji yalikuwa yanashuka sentimita tatu hadi nne kwa wiki, nikaona yale ya bwawa la kwanza yanarudi. Usingizi ukaniisha. Afisa uvuvi ndiye aliyenituliza. Alinielekeza nijaze ndoo maji, niisimamishe ndani ya bwawa sehemu ya kina kifupi huku mdomo wake ukiwa juu, nipige alama ndani ya ndoo na nje. Baada ya siku tano yalikuwa yameshuka sawasawa pande zote mbili. Ni jua na upepo tu, hakuna tundu. Nimeirudia ndoo ile kila kiangazi, na kila mara natulia.

Sasa naomba msome hapa polepole. Karatasi hii ikilowa inateleza kupita sabuni. Mwezi wa pili mbuzi wa jirani aliingia kunywa maji alfajiri. Tulimkuta anaogelea kuzunguka, kila akipanda anarudi, miguu haishiki. Tulimtoa hai, lakini alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kusimama. Mchana wake nilijifunga kamba kiunoni, mwanangu akaishika, nikashuka mwenyewe kwenye kingo iliyolowa. Sikuweza kupanda. Mimi mtu mzima, maji yako kifuani tu, sikuweza. Nikafikiria watoto wa hapa kijijini wanaokatiza shambani kwenda shule, nikatetemeka. Waliotandaza hawakusema neno juu ya hili, na lilistahili kuwa la kwanza kutamkwa. Wiki ileile nilizungushia miti na seng'enge, nikaweka lango lenye kufuli, na kila upande nikashusha kamba nene yenye mafundo, imefungwa kwenye nguzo iliyozikwa. Kwenye kona moja kuna ngazi ya mbao. Kama bajeti yako inatosha karatasi lakini haitoshi uzio, subiri kwanza.

Samaki nitawagusia kidogo. Niliweka vifaranga 400 vya perege, mchanganyiko wa dume na jike, na hilo ni kosa, kwa sababu walizaana mpaka bwawa likajaa vidogo visivyokua. Safari ya pili nilinunua dume watupu. Maji nayarutubisha kwa samadi kidogo na kupima kwa mkono: nazamisha mkono hadi kiwiko, kiganja kikianza kupotea machoni hapo, rangi iko sawa. Kikipotea mapema zaidi nasimamisha samadi, kwa sababu maji ya kijani nzito yanaishiwa hewa alfajiri na utawakuta samaki wanahema juu. Kenge ni adui wa kweli. Seng'enge imempunguza, haijammaliza.

Lakini kinachonirudisha huku kila Ijumaa jioni kutoka Dar siyo samaki. Natandika mkeka chini ya mkorosho ulioko upande wa magharibi, natia kahawa. Kwanza wanakuja mbayuwayu, wanapita chini kabisa wakichota maji bila kusimama. Mdiria mmoja amejimilikisha ile nguzo ya lango. Giza likianza mbayuwayu wanaondoka na popo wanashika zamu, wanakunywa vilevile, wakiruka. Halafu vyura. Mama yangu ana miaka 81, na alipokuja mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwao Rufiji walikuwa wanalala na sauti hiyohiyo. Siku hizi ananipigia simu Alhamisi kuuliza kama nakwenda.

Mwezi uliopita niliona tundu karibu na usawa wa maji, dogo kama punje ya mtama. Ndago, kama nilivyoogopa. Nilimwita fundi mwenye mashine, akakausha, akakwangua, akabandika kiraka kwa moto kutoka kwenye vipande vilivyobaki siku ya kutandaza. Vilivyosalia nimevikunja, viko stoo chini ya viroba vya pumba.