Seti ya kapi za roda mbili mbili: nimeipima kwa mizani

Seti hii ni kapi mbili za chuma, kila moja ina roda mbili (magurudumu ya kupitishia kamba) na kulabu yake, pamoja na kamba ya nailoni ya milimita 12 yenye urefu wa mita 20. Niliinunua kwa shilingi 85,000 katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, tupandishie saruji ghorofa ya kwanza. Muuzaji aliniambia inapunguza uzito mara nne. Mimi ni fundi, na chini ya mzigo huwa pana vijana wangu, kwa hiyo nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa wauza samaki wa Deep Sea nikapima mwenyewe.

Nilianza na kapi moja iliyofungwa juu, kama tulivyozoea saiti. Mfuko wa saruji ni kilo 50, yaani unavuta kamba kwa nyutoni 490. Kapi ya juu haipunguzi kitu. Inageuza tu upande wa kuvuta, na mkazo wa kamba ungekuwa sawa pande zote mbili kama si msuguano. Upande wa kijana anayevuta mizani ilisoma kilo 55. Kisha nikaihamishia juu, kati ya boriti na kapi: 107! Hapo ndipo wengi hawaangalii. Boriti haibebi mfuko peke yake. Inabeba mfuko, nguvu ya anayevuta, na kilo 2 za kapi yenyewe. Ukichagua mrunda (mti) wa kuwa boriti kwa kufikiria kilo 50, umeuchagua kwa nusu ya mzigo wake.

Sasa seti nzima. Kamba inaanzia kwenye pete ya kapi ya juu, inazunguka roda zote nne, na vipande vinne ndivyo vinavyoshika kapi ya chini. Mfuko na kapi hiyo ni kilo 52. Gawa kwa nne, unapata 13. Mizani ilisoma 16.5 wakati wa kupandisha. Hizo 3.5 zimeliwa na roda, kwa sababu kwa kila roda inayopita kamba inapoteza nguvu kidogo, na kipande cha mwisho, ukihesabu kutoka kwa anayevuta, kinabeba pungufu kuliko cha kwanza. Wakati wa kushusha polepole ikasoma 10 tu, maana msuguano uleule sasa unamsaidia anayeshika. Kilichonifurahisha zaidi kiko juu: boriti inabeba karibu kilo 71, wakati kwa kapi moja ilibeba 107. Seti ina chuma kingi zaidi, lakini boriti inapumua.

Mabaharia wa majahazi kazi hii wanaijua kwa mikono. Henza, kamba nene ya kupandishia tanga, inapita juu ya mlingoti, inafungwa gofia (kapi yao), na jarari, kamba inayopita kwenye gofia, ndiyo wanayoivuta foromali (mti unaoshika tanga) ipande.

Kasoro zipo. Roda zilikuja kavu kabisa. Baada ya kuzipaka grisi, 16.5 ikashuka hadi 15. Kulabu hazina ulimi wa kuzuia kitanzi kisichomoke kamba inapolegea, na hilo kwangu ni kosa kubwa kwa kifaa cha kunyanyulia. Nimezifunga midomo kwa waya wa nondo, na ninazikagua kila asubuhi kabla ya mfuko wa kwanza. Pia kapi zimegongwa muhuri wa kilo 500, lakini muhuri huo unazungumzia chuma. Kamba haina maandishi yoyote, kwa hiyo sitaipa mzigo mkubwa kwa kuamini muhuri wa kapi. Na mtu asipandishwe kwa seti hii.

Kuhusu urefu wa kamba, muuzaji hakunieleza na ilibidi nipige hesabu. Mfuko ukipanda mita moja, unavuta mita nne, kwa hiyo kazi ni nyepesi lakini ya polepole, na vijana wenye haraka watalalamika. Pima umbali kati ya kapi mbili mfuko ukiwa chini, zidisha kwa tano (vipande vinne pamoja na kile cha kuvutia), ongeza mita moja au mbili za vifundo na mkono. Kwetu ulikuwa mita 3.5, hivyo mita 20 zimetosha kwa kubana. Kwa ghorofa ya pili, umbali wa mita 6.5, nunua mita 35, na usikubali kuunganisha vipande viwili, kwa sababu kifundo hakipiti kwenye roda.