Kijitabu cha Katiba: Ibara ya 13 inasomeka, njia ya kuidai imejificha

Anayenunua nakala ya mfukoni ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ili aijue haki yake ya usawa aanze na Ibara ya 12 na ya 13, kwa kuwa hapo ndipo fedha yake inaporudi. Lugha ni nyepesi: binadamu wote huzaliwa huru, na watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Ibara ndogo ya 5 ya Ibara ya 13 ndiyo iliyonivutia zaidi. Inaeleza maana ya kubagua kwa kutaja utaifa, kabila, dini, rangi, jinsia, maoni ya kisiasa na hali ya maisha, kisha inaongeza sharti la busara kwamba hatua za makusudi za Serikali za kurekebisha matatizo katika jamii zisihesabiwe kuwa ubaguzi. Sentensi yenyewe ni ndefu mno, nami nilirudia kuisoma. Ulemavu haukutajwa waziwazi, na hilo naliona kuwa pengo.

Uchapaji wa nakala yangu unaridhisha, ingawa herufi ni ndogo. Pembeni mwa ibara zimewekwa namba za sheria za marekebisho tu, bila maelezo, hivyo msomaji wa kawaida hatatambua kuwa haki hizi ziliingizwa mwaka 1984, wala kwamba jinsia iliongezwa mwaka 2000.

Udhaifu mkubwa uko kwenye Ibara ya 30, inayomruhusu aliyevunjiwa haki kufungua shauri Mahakama Kuu bila kumweleza afanyeje. Utaratibu umo katika sheria nyingine, Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania, inayohusu kudai haki za msingi mahakamani, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Na njia hiyo si ya nadharia: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri hadi 18, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kinamfaa mwalimu wa uraia na msaidizi wa kisheria. Mwenye shauri mkononi anunue na Sura ya 3 papo hapo.