Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80 iliyokarabatiwa: uanze na ipi?

Muuzaji akikuwekea picha kumi za ganda linalong'aa na asiweke hata moja ya bodi, yaani sahani ya ndani yenye chipu, mpite. Mashine hizi zina miaka 40 hivi. Plastiki yake huwa ya njano kwa sababu ya jua na bromini iliyotiwa ndani kuzuia moto, na mafundi huirudisha rangi kwa haidrojeni peroksaidi. Inapendeza, ingawa njano hurudi mara nyingine, lakini ganda safi halikwambii lolote kuhusu muuaji mkuu wa kompyuta hizi, ambaye ni umeme.

Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja tu: ikija imekarabatiwa kweli, itadumu, na ikiharibika vipuri vipo? Nimeegemea soko la Uingereza, kwa kuwa plagi yao ya pini tatu bapa na umeme wao havitakusumbua Kenya, Uganda wala Tanzania. Ya Marekani inataka volti 120 na hutoa picha ya NTSC, mfumo wa TV wa kwao, kwa hiyo hata ukiipata kwa bei ya kutupa bado kuna transfoma ya kununua.

1. Commodore 64 (1982)

Ilizinduliwa kwa dola 595, ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya KB 64 na chipu ya sauti iitwayo SID, ambayo wanamuziki wanaisaka hadi leo. Naiweka ya kwanza kwa sababu ya vipuri: bodi mpya, kibodi na hata maganda bado yanatengenezwa.

Tatizo lake ni adapta. Ile ya asili ni donge zito lililojazwa gundi ngumu, halifunguki. Kidhibiti cha volti 5 kilichomo ndani kikichoka, badala ya kukata umeme huupandisha, na chipu za RAM huungua. Anayekuuzia na adapta hiyo hiyo huku akiandika "imejaribiwa, inawaka" hajakarabati kitu, amefuta vumbi. Dai adapta mpya, au punguzo la kutosha kuinunua. Uliza pia SID ni 6581 au 8580. Ya kwanza hutumia volti 12 na ya pili 9, hivyo hazibadilishwi kiholela, na feki zilizochapwa maandishi upya zipo nyingi.

2. BBC Micro Model B (1981)

Hii ilitengenezwa na Acorn wa Cambridge na ikajaa shule za Uingereza. Kibodi yake ilivumilia vidole vya wanafunzi na bado iko imara. Pawasaplai iko ndani, na humo mna kapasita (vipande vidogo vya kutunza chaji) za chapa ya Rifa, zenye ganda la kahawia linaloonyesha ndani. Omba picha ya karibu. Ukiona ganda lina nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, ujue unyevu umeshaingia, na siku moja chumba kitajaa moshi unaonuka. Kompyuta yenyewe kwa kawaida hupona, na kapasita mpya ni za bei ndogo, ndiyo maana fundi asiyezibadilisha simwamini kwa lingine lolote. Ila ni nzito, kwa hiyo piga hesabu ya usafiri kwanza.

3. ZX Spectrum 48K (1982)

Ni ndogo na nyepesi, na iliuzwa pauni 175. Vitufe vya mpira ama utavipenda ama utavichukia, mimi sivipendi. Chini yake kuna utando wa plastiki unaokauka na kukatika, kwa hiyo omba video kila kitufe kikibonyezwa. Picha yake ya asili hupitia antena, na TV mpya huikamata kwa shida. Tafuta iliyobadilishwa itoe video ya kompoziti, inayoingia moja kwa moja kwenye tundu la video la TV. Adapta ni ya volti 9 yenye hasi katikati, kinyume cha nyingi za madukani. Usijaribu ya redio.

4. Amiga 500 (1987)

Kwa michoro na michezo inazizidi zote hapo juu. Nimeishusha kwa sababu ya betri: kwenye kadi ya ziada ya kumbukumbu iliyo chini ya mashine kuna betri inayovuja na kula shaba. Kwenye 500 Plus ya 1991 betri iko juu ya bodi yenyewe, na hiyo usiinunue bila kuona picha ya pale betri ilipokuwa. Diski za zamani nazo zinakufa. Iliyofungwa Gotek, kifaa kinachochukua nafasi ya kisomaji diski na kusoma flashi ya USB, inastahili kuongezewa hela.

Kabla ya kulipa, omba video ya mashine ikiwa imewashwa saa moja au mbili, maana nyingi hugoma zikishapata joto. Na ikifika isiwake, usikimbilie kulalamika: chipu zilizo kwenye soketi hulegea njiani. Chomoa umeme, fungua, zikandamize kwa kidole gumba, kisha jaribu tena.