Raspberry Pi au Kompyuta Mpakato ya Mtumba kwa Darasa la Watoto Moshi

Mwalimu wa Moshi anayetaka kuwafundisha watoto kutengeneza kurasa za wavuti kwa gharama ndogo ana njia mbili za kuanzia: Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 2012, au kompyuta mpakato ya mtumba.

Ya mtumba huja na kioo, kibodi na betri kwa pamoja, hivyo umeme ukikatika somo huendelea, ilimradi betri haijachoka, jambo ambalo mnunuzi hana budi kulipima dukani kabla ya kulipa. Raspberry Pi haina betri wala kioo. Huhitaji runinga au skrini yenye tundu la HDMI (la kuingizia picha), na gharama hupanda kimyakimya. Hata hivyo, mfumo wake wote hukaa katika kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo mtoto akiuvuruga (na atauvuruga), mwalimu huunakili upya kwenye kadi hiyo.

Kwa HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za wavuti, ambazo huhitaji kihariri cha maandishi na kivinjari tu, bila intaneti, ningechagua ya mtumba. Raspberry Pi moja ningeiweka iwe seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa na kuzigawia nyingine, ili watoto wafungue kurasa za wenzao kupitia Wi-Fi ya darasani bila kununua bando.