Bustani za Burudani Duniani: Nani Anatunza na Nani Anapaka Rangi Tu

Watazamaji wapenzi, karibuni katika uchambuzi wetu wa leo. Bidhaa tutakayoichambua haikai rafuni wala haifungwi kwenye boksi, kwa kuwa ni siku moja ndani ya bustani ya burudani, ambayo mnunuzi huilipia kabla ya kuiona na haiwezi kurudishwa dukani ikimchukiza. Wachambuzi wengi huzungumzia urefu wa rola kosta, yaani treni za burudani zinazopanda na kuporomoka kwa kasi, na uzuri wa kasri lililo katikati. Mimi nitashughulika na utunzaji na huduma, mambo ambayo matangazo huyaruka, na kipimo changu nakitaja mapema ili kisimshangaze mtu: siipimi bustani kwa jinsi inavyong'aa asubuhi milango inapofunguliwa, bali kwa yale inayoyafanya kitu kinapoharibika. Mitambo inayozunguka kutwa nzima, ikinyeshewa mvua na kupigwa na jua, lazima iharibike, kwa hiyo kila bustani hufika siku ya mtihani huo.

Tuanze Japani, kwa sababu huko ndiko kiwango kilikowekwa juu zaidi. Tokyo Disneyland ilifunguliwa tarehe 15 Aprili 1983, na jirani yake, Tokyo DisneySea, ilifuata mwaka 2001. Sifa ya usafi wao imeenea mno hata wafagiaji wenyewe wamekuwa sehemu ya maonyesho: wengine huchovya ufagio majini na kuchora wahusika wa katuni sakafuni, na watoto huwazunguka hadi mchoro ukauke. Hilo linapendeza, lakini silo lililonishawishi. Kilichonishawishi ni yaliyotokea tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga nchi hiyo wakati bustani hizo mbili zikiwa na wageni wapatao 70,000. Wafanyakazi, ambao wengi wao ni vibarua wa saa chache, waliwagawia wageni midoli laini kutoka madukani ili wakinge vichwa, wakagawa chakula bila malipo, na maelfu ya wageni walilala humo usiku ule kwa kuwa treni zilikuwa zimesimama. Kibarua anayetoa mali ya duka bila kumsubiri meneja aseme ndiyo ni mtu aliyefundishwa mapema kwamba usalama hutangulia adabu, adabu hutangulia onyesho, na onyesho hutangulia ufanisi. Huo ndio mpangilio ambao Disney, kampuni ya Marekani yenye jina hilo, iliwafundisha wafanyakazi wake wakati huo, na siku ile ulionekana ukifanya kazi.

Utunzaji nao ulijidhihirisha siku ileile. Bustani hizo zimejengwa juu ya ardhi iliyopatikana kwa kujaza bahari, na katika mji wa Urayasu unaozizunguka, pamoja na maegesho ya magari, udongo uliyeyuka kama uji. Eneo la michezo lenyewe halikupata madhara makubwa, kwa sababu udongo wake ulikuwa umeshindiliwa na kuimarishwa kabla ya ujenzi. Pesa ile iliyofukiwa chini hakuna mgeni aliyewahi kuiona wala kuipiga picha, na Tokyo Disneyland ilifungua tena milango tarehe 15 Aprili, wiki chache tu baada ya tetemeko.

Wengi wakisikia habari hizi hudhani kwamba jibu lote liko katika utamaduni wa Wajapani. Mimi naona mchango mkubwa zaidi uko katika umiliki. Bustani za Tokyo hazimilikiwi na Disney, bali na kampuni ya Oriental Land, ambayo hutumia jina na wahusika kwa leseni na kulipa mrabaha. Kampuni hiyo haina filamu, runinga wala meli za kitalii za kuifidia bustani ikichakaa, kwa kuwa bustani ndiyo riziki yake karibu yote. Mwenye duka moja hulifagia mwenyewe.

Sasa tazameni Paris, ambako jina ni lilelile na hadithi ni zilezile. Bustani ya Disney ya huko ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 ikiwa na mzigo mkubwa wa madeni, na miaka miwili tu baadaye ilihitaji kuokolewa kifedha. Kampuni iliyoiendesha ilitakiwa kulipa riba, mrabaha na ada za usimamizi, na fedha zinapogawanywa hivyo, kinachoahirishwa kwanza huwa ni rangi, mbao na vipuri, kwa sababu ukuta haumdai mtu mwisho wa mwezi. Kwa miaka mingi wageni walilalamikia rangi iliyobanduka, taa zilizozimika na sanamu za mitambo zilizokwama, katika bustani ambayo kwa usanifu huenda ni nzuri kuliko ndugu zake zote. Kabla ya kutimiza miaka 25, mwaka 2017, michezo mikubwa ilifungwa mmoja baada ya mwingine ili ikarabatiwe kwa kina, na mwaka huohuo Disney ilinunua karibu hisa zote zilizokuwa mikononi mwa wengine. Kasri lenyewe lilifanyiwa ukarabati mwaka 2021. Anayekwenda leo ataona tofauti, ingawa huduma ya wahudumu bado inasemwa kuwa inayumba: mmoja atakupokea kwa bashasha, na wa pili ataendelea kuzungumza na mwenzake kana kwamba hukusimama mbele yake.

Nimeyataja haya ya rangi kwa makusudi, maana rangi ina tabia ya kutudanganya. Rangi nzuri haithibitishi kwamba bolti zimekazwa, ila rangi iliyoachwa kubanduka mara nyingi huashiria kwamba bajeti ya bolti nayo imeguswa. Disneyland ya California, mama wa bustani hizi zote, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilipitia kipindi cha kubana matumizi mwishoni mwa miaka ya 1990, na wageni wa kudumu walilalamika sana kwamba inachakaa. Septemba 2003, behewa la mchezo wa Big Thunder Mountain liliacha njia na kijana mmoja akafariki dunia. Uchunguzi wa mamlaka za jimbo ulitaja matengenezo yasiyofaa na upungufu katika mafunzo ya waendeshaji. Uongozi mpya ulioingia mwaka huo ulianza kuikarabati bustani kuelekea sherehe za miaka 50 za mwaka 2005, na kwa wengi ule ndio wakati ilipong'aa tena.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mitambo, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi asipoweza kujionea. Rola kosta ya kisasa hugawanya njia yake katika sehemu, na kompyuta hairuhusu treni kuingia sehemu ambayo treni nyingine haijaondoka. Kila asubuhi mafundi hukagua reli, magurudumu, breki na vizuizi vya viti, kisha hupitisha treni tupu kabla ya mtu yeyote kupanda. Mfumo huu ni imara mno, mradi binadamu asiuzidi nguvu. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, kompyuta ya mchezo wa Smiler iliisimamisha treni yenye watu 16 kwa sababu treni tupu ilikuwa imekwama mbele. Mafundi hawakuiona treni hiyo, wakaamini kwamba kompyuta imekosea, wakaondoa zuio lake, na treni ya abiria ikaigonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Kampuni ya Merlin, inayoiendesha bustani hiyo, ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016, na wakaguzi wa serikali walisisitiza kwamba kosa la msingi halikuwa la mafundi wale, bali la mwajiri ambaye hakuwawekea utaratibu wa kazi uliofikiriwa vizuri.

Ya Dreamworld, nchini Australia, yananiudhi zaidi. Tarehe 25 Oktoba 2016, pampu ya maji ya mchezo wa mtumbwi wa duara ilizimika, maji yakashuka, mtumbwi mmoja ukakwama, na mwingine ukaupanda kwa nyuma. Watu wanne walifariki. Pampu hiyohiyo ilikuwa imezimika mapema siku ileile, ikawashwa, na mchezo ukaendelea. Uchunguzi wa kisheria wa vifo hivyo ulionyesha kwamba hapakuwa na kifaa cha kutambua kiwango cha maji na kuusimamisha mchezo chenyewe, ingawa kifaa hicho hakikuwa cha gharama kubwa. Mwaka 2020 kampuni ilitozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6. Watazamaji, bustani inayouwasha tena mtambo uliozimika bila kuuliza kwa nini umezimika, hata kama maua yake yamepaliwa vizuri namna gani, kwangu mimi imeshafeli.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Carowinds, bustani iliyo mpakani mwa majimbo mawili ya Carolina nchini Marekani, ufa ulikuwa kwenye nguzo. Mwishoni mwa Juni 2023, mgeni aliyekuwa akiitazama rola kosta ya Fury 325, ambayo urefu wake kwenda juu unakaribia mita 100, aliona nguzo ya chuma imepasuka kabisa na inaachana kila treni inapopita. Akarekodi video, akatoa taarifa, na mchezo ukafungwa. Picha zilizopigwa siku kadhaa nyuma zilionyesha kwamba ufa ulikuwapo tayari. Nguzo ilibadilishwa, wakaguzi wakaridhika, na mchezo ulifunguliwa tena Agosti. Haki itendeke pia: hakuna aliyeumia. Hata hivyo, swali la nani alipaswa kuuona ufa ule kabla ya mgeni mwenye simu linabaki palepale.

Usimamizi wa serikali hautoshi kulijibu, kwa kuwa unatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ujerumani, mashirika huru ya ukaguzi ya TÜV hupitia michezo kwa vipindi maalumu. Marekani, bustani zisizohamahama ziko chini ya majimbo, na tangu mwaka 1981 serikali kuu haizisimamii. Florida imezisamehe ukaguzi wa jimbo bustani zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na wakaguzi wao wenyewe, mradi zitoe taarifa za majeraha makubwa kila robo mwaka. Sisemi kwamba bustani za Florida ni hatari, maana rekodi yao kwa jumla ni nzuri. Nasema tu kwamba mnunuzi analazimika kumwamini muuzaji.

Ulaya kuna bustani mbili zinazonifanya nirudi kwenye hoja ya umiliki. Europa-Park, katika kijiji cha Rust nchini Ujerumani, imekuwa mali ya familia ya Mack tangu ilipofunguliwa mwaka 1975, na familia hiyohiyo inatengeneza mitambo ya michezo katika kiwanda chake. Mei 2018 moto uliteketeza sehemu ya bustani pamoja na mchezo wa maharamia uliopendwa sana. Wageni waliondolewa salama, na mchezo ukajengwa upya na kurudi mwaka 2020. Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952, inamilikiwa na wakfu, hivyo haina wenye hisa wanaosubiri gawio. Huko mapipa ya taka ni sanamu za walafi wanaoomba karatasi na kushukuru wakilishwa, na watoto hutafuta taka za wenzao ili wawalishe. Sijaona mbinu ya usafi iliyo nafuu na ya busara kuliko hiyo. Tivoli ya Copenhagen nayo ina rola kosta ya mbao ya mwaka 1914 ambayo hadi leo hupandwa na mhudumu anayeshika breki kwa mkono, na kuitunza mashine ya namna hiyo kwa zaidi ya karne moja ni ufundi wa kuheshimiwa.

Kinyume chake kipo Florida, katika Disney's Animal Kingdom. Mchezo wa Expedition Everest ulifunguliwa mwaka 2006 ukiwa na sanamu kubwa ya yeti (jitu la theluji la hadithini) iliyotakiwa kuwarukia abiria. Muda mfupi baadaye sanamu ikaacha kutembea, na tangu hapo humulikwa kwa taa zinazomemeteka ili ionekane kana kwamba inasogea. Mchezo ni salama, foleni ni ndefu, tiketi haikupunguzwa bei. Kuficha ubovu kwa taa kwa miaka mingi namna hiyo ni jambo ambalo nisingelivumilia kwa friji, na sioni kwa nini tulivumilie kwa yeti.

Kwa alama zangu, basi, Tokyo inaongoza, Efteling na Europa-Park zinaifuata kwa karibu, Paris inapanda, na bustani kubwa za Marekani zinanipa huduma ya uchangamfu lakini utunzaji usio na uhakika. Kabla ya kulipa, tafuteni ratiba ya michezo itakayofungwa kwa matengenezo. Bustani za Tokyo huitangaza miezi kadhaa mapema, zikitaja mchezo na tarehe, na mwenye kusafiri mara moja tu maishani anaweza kupanga safari yake kuikwepa. Mkiikosa ratiba hiyo kwenye tovuti ya bustani mnayoitaka, andikieni huduma kwa wateja na kuiulizia, kisha angalieni wanajibu baada ya muda gani, na kama jibu linataja tarehe au linawatakia tu siku njema.