Walizima filamu kabla James Bond hajaahidi kurudi

Nilisubiri hasira zipungue ndipo niandike, lakini kila nikilikumbuka jambo hili zinapanda upya, kwa hiyo naandika nikiwa nazo. Filamu ya No Time to Die, ambayo korona iliisogeza mbele mara tatu, ilipotufikia hatimaye, nilimpeleka baba mdogo kuitazama katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyenirithisha mapenzi ya filamu za James Bond, jasusi wa Uingereza. Ujanani alimwona Roger Moore akimwigiza Bond pale ukumbi wa Empress, mtaa wa Samora, na nilipokuwa mdogo alinisimulia filamu hizo usiku umeme ukikatika, moja baada ya nyingine, mpaka mlio wa bastola akiutoa kwa mdomo. Nilipoogopa kwamba papa watamla Bond, alinituliza kwa maneno ambayo kila mtoto wa kibanda umiza anayajua: steringi hafi.

Asiyeiona filamu hii na aishie hapa, kwa sababu siwezi kueleza nilichofanyiwa bila kusema kwamba steringi anakufa. Anaingizwa sumu ya vijimashine visivyoonekana kwa macho, ambavyo yeye havimdhuru, ila akimgusa mpenzi wake Madeleine au binti yao mdogo vitawaua, na hakuna dawa ya kuviondoa. Basi anabaki kisiwani, anaagana na Madeleine kwa redio, na makombora ya jeshi la majini la Uingereza yanamshukia akiwa amesimama juu ya paa. Baba mdogo alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa nguvu mpaka kiti changu kikatikisika. Tangu Dr. No ya mwaka 1962 zilikuwa zimetangulia filamu 24, Bond ameigizwa na watu sita, na hata mara moja hatukuwahi kurudi nyumbani tukiwa tumemwacha amekufa.

Ndipo majina yakaanza kupanda, na wimbo wa Louis Armstrong ukaingia. Mpenzi wa mfululizo huu anaujua wimbo ule tangu On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969, filamu pekee ambayo George Lazenby alimwigiza Bond, ambamo Bond anaoa na mkewe Tracy anapigwa risasi siku ile ile ya harusi, ndani ya gari lililopambwa maua. Aliyeurudisha wimbo huo miaka 52 baadaye, pale ambapo safari hii aliyekufa ni Bond mwenyewe na waliobaki ni mwanamke aliyempenda na mtoto, alijua anafanya nini. Zaidi ya wimbo, tulikuwa tukisubiri maneno. Filamu hizi zina desturi ya kuahidi mwishoni kabisa kwamba James Bond atarejea. Zamani zilitaja hata jina la filamu itakayofuata, na kuna wakati zilikosea, kwani The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977 iliahidi For Your Eyes Only, ikatangulia kuja Moonraker. Baba mdogo aliniambia kwa sauti ya chini, "Tukae, mwanangu. Tuone kama bado wanaahidi."

Hatukuona. Taa kali za darini ziliwashwa, Armstrong akakatwa katikati ya neno, na pazia likabaki jeusi. Kijana wa ukumbi akaingia na ufagio, akaanza kufagia bisi chini ya miguu ya baba mdogo bila hata shikamoo, mzee ambaye angeweza kumzaa. Nikamwomba kwa upole watuonyeshe zile dakika zilizobaki. Akajibu bila kuinua kichwa: "Hayo ni majina tu, braza. Steringi wenu kashakufa, nendeni nyumbani." Nilimfuata meneja, naye akaniambia kwamba onyesho linalofuata limechelewa na kwamba hakuna mteja mwingine aliyewahi kulalamika. Niliporudi nikamkuta baba mdogo amesimama mlangoni, kofia mkononi, na ndani ya daladala hakusema neno mpaka tunashuka.

Ukumbi huo sitaukanyaga tena. Ni kweli viti vyao ni safi, na sauti yao ni nzuri sana: pale Matera, mji wa Italia, Bond anapokaa kimya ndani ya gari lake la Aston Martin huku kengele za kanisa zikilia na risasi zikigonga vioo, nilizisikia kengele zile kifuani. Lakini sauti nzuri ina faida gani kwa watu wanaoukata wimbo ambao filamu nzima ilikuwa ikielekea kwake?

Usiku ule hasira ilihamia kwenye filamu yenyewe. Mpaka tunaingia dakika za mwisho nilikuwa tayari kusema kwamba ndiyo bora kati ya tano ambazo Daniel Craig amemwigiza Bond, hata kuliko Casino Royale ya mwaka 2006, lakini kitandani nikaona kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kumuua mtu tuliyehakikishiwa na wazee wetu kwamba hafi. Kwa wiki kadhaa nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba asipoteze fedha yake. Kisha nikaipata nyumbani, nikaiacha iende hadi mwisho, na baada ya majina yote yakatokea maneno yale: James Bond atarejea. Nilikaa nimeyatazama. Kifo kile, ambacho nilikiona kuwa ni usaliti, kikageuka kuwa kifo cha mtu mmoja aliyechagua mtoto wake, wakati jina lenyewe linaendelea. Sasa nasema ni filamu kubwa, na kwamba bila mstari ule ni filamu nyingine kabisa, ndiyo maana ninasisitiza kwamba ukumbi ule ulituuzia filamu isiyokamilika.

Ahadi hiyo nayo imehamia mikono mingine. Mwaka 2025 Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, watayarishaji wa filamu hizi, waliachia kampuni ya Amazon usukani wa utunzi, na Denis Villeneuve akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu ijayo. Namwamini mwongozaji kuliko ninavyoiamini kampuni.

Nilimpelekea baba mdogo dakika ile ya mwisho kwenye simu, akaisogeza pembeni ya sahani yake bila kuitazama. "Mimi nililipiwa nikayaone pale," akasema. Filamu hiyo mpya ikifika nitamkatia tiketi, na kabla sijatoa fedha nitamwuliza wa dirishani kama wanaonyesha mpaka mwisho. Huenda ikawa ukumbi ule ule, maana kwa sauti sijauona wa kuushinda.